Kingamwili Isiyokinga: Istilahi Moja na Protini ya Ubongo

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo istilahi yetu inalificha. Neno kingamwili limekwisha kuzoeleka katika Kiswahili sanifu, ingawa huku kwetu Kalima, kwa kufuata Kifaransa, utasikia zaidi antikori. Wapo pia waliopendekeza fingomwili, kutokana na fingo, yaani dawa inayofukiwa ardhini ili kulinda mji. Maneno yote mawili ya Kiswahili yamejengwa juu ya dhana ya ulinzi. Lakini maabarani kuna kingamwili ambayo hailindi chochote. Kazi yake ni kutambua tu.

Tuchukue mfano wa ugonjwa ambao wenyeji wa Mahenge, Tanzania, huuita amesinzia kichwa. Mtoto huinamisha kichwa tena na tena, mara nyingi akiwa anakula, na baadaye hupatwa na kifafa. Daktari Louise Jilek-Aall aliuona huko katika miaka ya 1960. Miongo kadhaa baadaye uliwashika watoto wengi wa kaskazini mwa Uganda, hasa Kitgum na Pader. Sehemu hizo zina usubi, ugonjwa wa minyoo uenezwao na inzi weusi wa mitoni, ambao upo pia katika Maniema yetu.

Mwaka 2018 Michael Pollanen na wenzake walitoa taarifa ya uchunguzi wa bongo za vijana watano wa Uganda waliofariki kwa ugonjwa huo. Walitafuta tau, protini ambayo kwa kawaida huimarisha vijirija vya ndani ya seli za neva. Tau ikibebeshwa fosfati kupita kiasi huachana na vijirija hivyo, ikajisokota kuwa mafundo. Mafundo hayo hutambuliwaje? Kwa kingamwili iliyotengenezwa kwa kusudi hilo. Ufundi wa kuzalisha kingamwili za aina moja tu kutokana na seli za panya uliasisiwa na Köhler na Milstein mwaka 1975. Mojawapo ya zile zinazotumika sana kwa tau ni AT8, iliyotokea Ubelgiji na kuelezwa mwaka 1992: hiyo hushika tau pale tu fosfati ilipokaa mahali maalumu, na tau ya kawaida huipita.

Kipande chembamba cha ubongo huwekwa juu ya kioo na kumwagiwa kingamwili hiyo. Kisha huongezwa kingamwili ya pili, inayoishika ile ya panya na kubeba kimeng'enya. Kimeng'enya hicho huigeuza dawa fulani kuwa rangi ya kahawia. Kipande kingine hunyimwa kingamwili ya kwanza. Nacho kikiwa kahawia, rangi ile haithibitishi kitu.

Kikundi cha Pollanen kilihitimisha kwamba ugonjwa huu ni wa tau. Mwaka 2019 watafiti wengine, waliochunguza pia bongo kutoka Uganda, walisema dalili kuu ni mchochota wa ubongo, wala si tau. Rangi huonyesha protini ilipo. Haisemi kama ndiyo chanzo cha maradhi au ni kovu lake.

Hapa ndipo istilahi inapotutia mashakani zaidi. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba baadhi ya wagonjwa wana kingamwili zinazoshambulia leiomodini-1, protini ya mwili wao wenyewe; utafiti wa 2021 haukuunga mkono dhana hiyo. Basi katika ugonjwa mmoja neno moja limebeba mlinzi, adui na chombo cha maabara. Mzazi aliyeruhusu ubongo wa mwanawe uchunguzwe akiambiwa kwamba "kingamwili imeshika ubongoni", ataelewa nini? Huenda akadhani mtoto alikuwa na kinga, au kwamba kinga ndiyo iliyomwua.

Kwa maoni yangu kingamwili libaki kwa ile inayozalishwa na mwili wa mgonjwa, hata inapomgeukia mwenyewe, kwa kuwa asili yake ni ileile. Ile ya maabara iitwe kitambuzi, neno la ngeli ya ki-vi linaloafiki hali yake ya chombo: kitambuzi cha tau, vitambuzi vya leiomodini.