Ajali za Barabarani Al Rayyan: Sababu, Gharama na Kinga

Wahenga walisema kuwa ajali haina kinga. Usemi huo huwaliwaza waliofikwa na msiba, lakini haupaswi kuwa mwongozo wa barabarani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2013 ajali za barabarani nchini Qatar ziliua takriban watu 15 kwa kila wakaazi 100,000. Kwa mwaka 2016 makadirio ya shirika hilo yalikuwa takriban watu 9. Katika kipindi hicho nchi ilikuwa ikitekeleza Mkakati wa Taifa wa Usalama Barabarani ulioanza mwaka 2013. Vifo vikipungua kiasi hicho ndani ya miaka michache, ni dhahiri kwamba vingi vina sababu zinazoweza kuondolewa.

Walio hatarini zaidi

Mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walifariki duniani kwa ajali za barabarani. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaofariki ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki, yaani wale wasiokingwa na bodi la gari.

Jambo hili linazihusu kwa karibu familia za wahamiaji wa Al Rayyan. Manispaa hii iliyo magharibi mwa jiji la Doha inapitiwa na barabara kuu za Dukhan na Salwa, na katika sehemu hizi lipo Eneo la Viwanda lenye malori na mabasi ya wafanyakazi. Wakaazi wengi huenda kazini kwa basi au kwa miguu, na baadhi yao hujipatia riziki kwa kupeleka vyakula na mizigo kwa pikipiki.

Sababu kuu

Ya kwanza ni mazoea. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita upande wa kushoto wa barabara; Qatar hupita upande wa kulia. Mtu aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam hutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka, ilhali hapa gari lililo karibu zaidi hutokea kushoto. Mgeni hana budi kujizoeza upya: kutazama kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena.

Ya pili ni mwendo kasi. Wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, uwezekano wa ajali ya kuua huongezeka kwa takriban asilimia 4. 

Ya tatu ni simu. Dereva anayetumia simu yumo hatarini kupata ajali takriban mara nne zaidi ya asiyeitumia. Uchovu nao huongeza hatari, hasa kwa aliyefanya kazi usiku kucha.

Gharama

Sheria ya Usalama Barabarani Na. 19 ya mwaka 2007 inamtaka dereva na abiria wa kiti cha mbele kufunga mkanda. Kutofunga mkanda au kutumia simu wakati wa kuendesha hutozwa faini ya riali 500, na tangu Septemba 2023 makosa hayo mawili hunaswa na rada. Kupita taa nyekundu hutozwa riali 6,000. Anayesababisha kifo huweza kufungwa, tena huweza kudaiwa diya, ambayo sheria ya mwaka 2008 iliiweka kuwa riali 200,000.

Gharama nyingine haziandikwi katika hati ya faini. Mfanyakazi aliyevunjika mguu huweza kukosa mshahara. Karo ya watoto walioachwa nyumbani hukwama, dawa za wazazi hukosekana, na deni la safari hubaki palepale. Ajali ya dakika moja Al Rayyan huweza kuifukarisha nyumba iliyoko Kisumu au Tanga.

Kinga

• Kila aliyemo garini afunge mkanda, pamoja na walioketi nyuma. Kwa walioketi mbele, mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa karibu nusu.

• Mtoto wa chini ya miaka 10 asiketi kiti cha mbele. Mtoto mdogo afungwe katika kiti maalumu cha watoto. Kumpakata hakumkingi, kwa kuwa mikono ya mzazi haiwezi kuhimili kishindo cha gari.

• Mwendesha pikipiki avae kofia ngumu na kuifunga barabara kidevuni. Tangu Mei 2024 pikipiki za kupeleka bidhaa haziruhusiwi kutumia njia ya kushoto kabisa katika barabara zenye njia tatu au zaidi kwa kila upande.

• Mtembea kwa miguu avuke kwenye kivuko, taa au daraja, hata kama atalazimika kuzunguka. Usiku avae nguo za rangi nyeupe au zinazoakisi mwanga.

Ajali ikitokea

Panapokuwa na majeruhi, simu ipigwe mara moja kwa namba 999, ambayo hupokea maombi ya gari la wagonjwa, polisi na zimamoto. Mpigaji ataje mahali, idadi ya majeruhi na hali zao. Majeruhi asihamishwe isipokuwa pana hatari nyingine, kama vile moto. Hofu ya gharama au ya hati isicheleweshe simu, kwani dakika za mwanzo ndizo zinazookoa maisha.

Ikiwa hakuna aliyeumia, magari yasogezwe mahali salama, kisha taarifa itolewe kwa polisi wa usalama barabarani kupitia programu ya Metrash.

Kila familia inashauriwa kuusoma mwongozo huu pamoja na watoto, na kumfundisha kila mgeni anayewasili jambo la kwanza: hapa, kabla ya kuvuka, hutazamwa kushoto.