Waifai ya wageni isifike kwenye kompyuta ya mapokezi: faiawoli ya bure inavyoweza kulinda biashara Kilwa

Mgeni akifika Kilwa Masoko jioni, amechoka na barabara ya kutoka Dar es Salaam, hata kabla hajauliza kama pweza yupo, anauliza neno la siri la waifai. Anapewa. Mara nyingi limebandikwa ukutani pale mapokezi, na vijana wa mtaani nao wanalijua.

Chukua mfano wa nyumba ya wageni yenye vyumba 12. Ina rauta moja tu, ile ya kuchomeka laini ya simu. Waifai hiyo hiyo inatumiwa na mgeni wa chumba namba 7, kompyuta ya mapokezi yenye majina na namba za pasipoti za wageni, simu ya meneja, printa na kamera nne za CCTV. Kwa lugha ya mtandao, wote hao wamelala chumba kimoja. Hakuna hata pazia katikati.

Shida inaanzia hapo. Kompyuta ya mgeni ikiwa na virusi, virusi hivyo havihitaji kwenda kuzunguka intaneti ndipo viifikie kompyuta ya mapokezi. Viko nayo chumbani tayari.

Tarehe 12 Mei 2017 dunia iliona jambo hili kwa ukubwa wake. Virusi vilivyoitwa WannaCry vilifunga mafaili ya watu na kudai fidia, na hospitali nyingi za Uingereza zikalazimika kuahirisha huduma. Kikiingia kwenye kompyuta moja, kirusi kile kilijihamisha chenyewe kwenda nyingine ya mtandao ule ule kupitia mlango namba 445, ambao Windows huutumia kugawana mafaili. Hakuna aliyehitaji kubofya chochote.

Mwaka mmoja kabla, 2016, virusi vya Mirai viliteka kamera za CCTV na rauta kwa njia rahisi hadi inaudhi: vilijaribu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani, yale ambayo fundi anafunga kamera na kuyaacha vilevile. Kamera za aina hiyo zimejaa madukani hadi leo.

Mlinzi wa getini

Dawa ya hali hii inaitwa faiawoli. Ni kifaa au programu inayokaa njia panda ya mtandao, inakagua kila kinachoingia na kutoka, na kuamua kipite au kizuiwe kwa kufuata kanuni ulizoiandikia.

Anayeijua Gereza, ile ngome ya Kilwa Kisiwani, anaelewa haraka. Kuta nene zina kazi yake, lakini ulinzi wenyewe ni kujua nani anapita mlangoni. Faiawoli inafanya zaidi kidogo: inaweka pia milango ya ndani, kati ya chumba na chumba. Kwa biashara ndogo, milango hii ya ndani ndiyo yenye maana zaidi, na ndiyo inayosahaulika.

Kampuni kubwa hununua faiawoli za bei, zenye leseni ya kulipiwa kila mwaka. Lakini kuna njia nyingine: programu huria, ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote kuyasoma, kuyakagua na kuyatumia bila kulipia leseni. Mbili zinatajwa sana, pfSense na OPNsense.

Ni ndugu wa ukoo mmoja. Mwaka 2003 Manuel Kasper wa Uswisi alitoa faiawoli ndogo iliyoitwa m0n0wall. Mwaka 2004 pfSense ikazaliwa kutoka humo. Januari 2015 kampuni ya Deciso ya Uholanzi ikatoa OPNsense, iliyotokana na pfSense. Mwezi uliofuata Kasper akaifunga m0n0wall na kuwashauri watumiaji wake wahamie OPNsense. Zote mbili zinaendeshwa kwenye FreeBSD, na zote unazisimamia kwa kurasa za kubofya kwenye kompyuta yako, siyo lazima uandike amri kwenye skrini nyeusi.

Kinachohitajika

Kompyuta ya mezani ya zamani inatosha kuanzia, ilimradi iwe ya biti 64 na iwe na RAM ya GB 4 au zaidi. Sharti linalowakwamisha wengi ni sehemu za kuchomeka kebo ya mtandao. Kompyuta nyingi zina moja. Faiawoli inataka angalau mbili, moja ya intaneti inayoingia na moja ya ofisi. Kwa nyumba ya wageni, tatu ni bora: intaneti, ofisi, wageni. Kadi ya mtandao ya ziada inachomekwa ndani ya kompyuta, na hata ya mtumba inafaa.

Kuna hesabu moja ambayo wanaosema “ni bure kabisa” hawaitaji: LUKU. Kompyuta ya mezani inayowaka saa 24 inakula umeme kuliko kisanduku kidogo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa biashara inayodumu, kisanduku kidogo kinaweza kurudisha gharama yake polepole. Ya zamani itumike kujifunzia na kujaribia.

Usakinishaji wenyewe si mrefu. Fundi anapakua programu kwenye tovuti rasmi, anaiweka kwenye flashi, anawasha kompyuta kupitia flashi hiyo na kufuata maelekezo. Kila kilichokuwa kwenye diski kinafutwa, kwa hiyo picha za harusi zihamishwe kwanza. Kazi ya kwanza kabisa baada ya hapo ni kubadili neno la siri. OPNsense na pfSense nazo zina neno la siri la kiwandani linalojulikana dunia nzima. Kuliacha ni kumpa mlinzi bunduki na kumwekea funguo za geti barabarani.

Kisha waifai ya rauta ya zamani izimwe. Ikibaki hai, wafanyakazi watarudi huko huko kwa mazoea, na watakuwa nje ya geti.

Kanuni zinasomwa kutoka juu

Ikishafungwa, faiawoli hizi huzuia kila kitu kinachojaribu kuanzisha mawasiliano kutoka intaneti kuja ndani. Upande wa ofisi huruhusiwa kutoka. Lakini sehemu ya tatu, ile ya wageni, ikiongezwa huanza ikiwa imefungwa kabisa, haina kanuni hata moja. Mgeni anaunganisha simu, inakubali, lakini hakuna kinachofunguka.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Mgeni analalamika, fundi ana haraka, anaweka kanuni moja: “wageni waruhusiwe kwenda popote”. Intaneti inafunguka, watu wote wanafurahi. Tatizo ni kwamba “popote” ni pamoja na kompyuta ya mapokezi. Vyumba vimejengwa, milango imeachwa wazi.

Kanuni hizi zinasomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayoamua. Kwa hiyo mpangilio ni kila kitu. Juu kabisa: wageni waruhusiwe kuiuliza faiawoli anwani za tovuti, kupitia mlango namba 53. Bila hiyo hata Google haifunguki, na utaambiwa waifai mbovu. Ya pili: wageni wazuiwe kwenda mtandao wa ofisi, na wazuiwe kufungua ukurasa wa kuisimamia faiawoli yenyewe. Ya mwisho ndiyo ile ya kwenda popote. Geuza ya pili na ya mwisho, na ulinzi umekwisha bila taa yoyote nyekundu kuwaka.

Kamera nazo zikipata chumba chao, bora zaidi. Kamera haina haja ya kuzungumza na kompyuta ya malipo, na kama mwenye biashara anaangalia picha akiwa pale pale, haina haja hata ya intaneti. Sehemu za kebo zikiisha, swichi inayoweza kugawa mtandao mmoja kuwa mitandao kadhaa itafanya kazi hiyo, ila hapo tafuta fundi anayeielewa.

Si nyumba za wageni tu. Korosho na ufuta wa Lindi sasa vinauzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Chama cha msingi chenye kompyuta moja kinaweza kuwa kimetunza humo majina ya wakulima, namba za simu na akaunti za benki. Msimu wa malipo ukifika, kompyuta hiyo si ya kuiweka kwenye waifai moja na kila anayepita ofisini.

Na kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na kuna Tume ya kuisimamia. Daftari la wageni lenye namba za pasipoti ni taarifa binafsi, liwe la karatasi au la kompyuta.

Mambo ya pwani

Mei 2024 iliwafundisha watu wa Kilwa kitu kuhusu kutegemea njia moja. Mwanzoni mwa mwezi mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi maeneo ya Somanga. Tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Katika siku kama hizo fundi wa Dar hafiki kwa gari, na kukusaidia kwa mtandao pia ni shida.

Ndiyo maana mtu mmoja wa pale pale dukani au hotelini ajifunze kuifungua na kuisoma faiawoli. Programu huria inasaidia hapa, kwani haisubiri leseni ihuishwe ndipo iendelee kuzuia na kuruhusu. Inaweza pia kushika laini mbili za kampuni tofauti, moja ikikatika inahamia nyingine yenyewe. Hilo litakuokoa mnara mmoja ukizimika. Waya wa baharini ukikatika, laini mbili zinazopita njia ile ile zitayumba pamoja.

Anayetaka kuingia mtandao wa Kilwa akiwa Dar asifungue mlango namba 3389 wa Windows kwa intaneti yote, kosa linalopendwa na wahalifu duniani kote. Atumie VPN kama WireGuard, ambayo OPNsense inayo. Atakutana na kikwazo kimoja: kampuni za simu mara nyingi hugawa anwani moja ya intaneti kwa wateja wengi, hivyo kuingia kutoka nje hakukubali mpaka apate anwani yake mwenyewe au aweke seva ya katikati.

Halafu chumvi. Hewa ya bahari inakula vyuma, na kompyuta iliyo karibu na dirisha la ufukweni haitakaa sana. Umeme ukikatika ghafla nao unaua diski, hivyo UPS ndogo si anasa. Mipangilio yote ya faiawoli inahifadhiwa kwenye faili moja, config.xml. Faili hilo likinakiliwa kwenye flashi kila mabadiliko yanapofanywa, mashine ikifa leo nyingine inaweza kushika nafasi yake bila kuandika kanuni upya.

Haitazuia “ile hela tuma kwenye namba hii”. Ujumbe huo unaingia kwenye simu ya mhasibu kupitia mtandao wa simu, na faiawoli haiuoni kabisa. TCRA inapokea taarifa za namba za matapeli kupitia 15040. Haitamzuia pia mfanyakazi anayechomeka flashi yenye virusi, wala haitarudisha mafaili yaliyokwisha fungwa. Kwa hilo kinachosaidia ni nakala ya akiba iliyokaa nje ya kompyuta. Na isipowekewa masasisho, faiawoli yenyewe inageuka kuwa tundu.

Kujua kama kazi imefanyika sawasawa hakuhitaji utaalamu. Mwenye biashara achukue simu yake, aunganishe waifai ya wageni kama mgeni mwingine yeyote, kisha kwenye kivinjari aandike anwani ya kamera, na baadaye ile ya printa ya ofisini. Zikifunguka, amwite fundi arudi kabla hajamlipa.