Sunny wa Aba na mtoto wa dawati la nyuma

Mwezi huu sitaandika juu ya utoro wala juu ya daftari zinazofungia maandazi sokoni, ingawa hiyo habari bado ipo. Nataka niwaambie juu ya kitabu kimoja cha hadithi, kwa sababu kitabu hicho kimenishika shati mimi mwenyewe mwalimu wenu.

Kilikuwa ndani ya boksi la vitabu vya msaada. Ni cha Kiingereza, kinaitwa Akata Witch, kimetoka mwaka 2011. Aliyekiandika ni Nnedi Okorafor, mwanamke aliyezaliwa Marekani na wazazi Waigbo wa Nigeria. Kiingereza changu ni cha sekondari tu, kwa hiyo nilikisoma na kamusi pembeni, jioni kwa jioni, mpaka betri za tochi zikaniishia. Halafu nikaanza kuwasimulia watoto wa darasa langu kwa Kiswahili, kila Ijumaa baada ya vipindi, kipande kwa kipande.

Hadithi ni ya msichana wa miaka kumi na miwili anayeitwa Sunny. Amezaliwa New York, sasa anakaa mji wa Aba, Nigeria. Ana ualbino. Anapenda mpira wa miguu kuliko kitu chochote, lakini jua linamchoma, basi anacheza usiku na kaka zake. Shuleni wanamwita "akata", ni neno la dharau ambalo baadhi ya watu wa Afrika Magharibi wanawaitia Weusi wa Marekani. Yaani Marekani ni mtoto wa Waafrika, na Afrika ni mtoto wa Marekani. Nilipofika hapo darasa lilinyamaza. Watoto wetu wengi wamezaliwa hapa hapa kambini. Ukiwauliza kwao ni wapi, wanataja kijiji ambacho hawajawahi kukiona.

Na hilo neno la pili, "witch", maana yake mchawi. Baba mmoja alinifuata mpaka nyumbani. "Mwalimu, wewe ni kama mwanangu, lakini nasikia unafundisha watoto wetu uchawi." Nikampa kiti, nikamwambia ukweli: ndiyo baba, ndani mna mambo ya kimiujiza, Sunny anagundua kwamba yeye ni mmoja wa watu wenye nguvu za siri, wanaitwa Watu wa Chui. Ila "mchawi" ni jina alilotupiwa na wenzake kwa sababu ya ngozi yake. Sisi tuliotoka Kongo tunajua neno hilo linaweza kumtoa mtoto nyumbani akalala barabarani. Ndiyo maana sheria ya Kongo ya kulinda mtoto, ya mwaka 2009, inakataza kumsingizia mtoto uchawi. Yule mzee alifikiri kidogo, akauliza, "Na huyo msichana alipona?" Siku hizi anakuja mwenyewe Ijumaa, anakaa nyuma na kofia yake mkononi.

Kuna jambo moja watoto walilibishania wiki nzima. Kwa hao Watu wa Chui, ukijifunza jambo jipya kweli kweli, pesa zinaanguka kutoka hewani mbele ya miguu yako! Pesa za chuma, zimepinda. Na ya shaba ndiyo yenye thamani kubwa, ya dhahabu ndiyo ya mwisho. Wavulana walikataa kabisa. Nikawaambia Katanga yetu iliwahi kuitwa Shaba, tangu 1971 mpaka 1997, basi wakacheka wakakubali.

Lakini palipoingia moyoni mwangu ni pengine. Rafiki wa Sunny, kijana Orlu, ana shida ya kusoma, herufi zinamchanganya. Kumbe kipaji chake ni kufungua na kutengua vitu, hata uchawi wa adui anautengua. Kwa Watu wa Chui, kile ambacho watu wengine wanakiita kilema, ndipo wanapoanza kutafuta uwezo wa mtu. Sunny naye ualbino wake unaendana na uwezo wa kupita katika dunia ya roho, asionekane.

Nilipokuwa nasimulia hayo nilimwona msichana mmoja wa dawati la nyuma. Na yeye ana ualbino. Mimi, mwaka mzima, nilikuwa nimemwandika mvivu. Hanakili ubaoni, daftari ni tupu, mara anafunga macho. Nilishamsimamisha juani pamoja na wachelewaji, naandika hili kwa aibu. Siku ile alibaki darasani wenzake walipotoka, akaniambia, "Mwalimu, miye siyo kwamba sitaki kuandika. Ubao siuoni." Ilikuwa sentensi yake ndefu ya kwanza kwangu. Nikaenda kuuliza kwa watu wa afya, wakanieleza kwamba ualbino unagusa macho pia, na miwani inasaidia kiasi tu, si yote. Nani alinifundisha hilo nilipoanza ualimu? Hakuna. Na mimi sikuuliza.

Mama yake aliponikuta kwenye foleni ya chakula aliniambia kwa nini binti haongei. Wao ni Warundi. Kuanzia mwaka 2007 na 2008 watu wenye ualbino waliuawa Tanzania na Burundi, kwa sababu waganga walidanganya watu kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Mtoto alilelewa kwa kufichwa. Katika kitabu yupo pia mtu mwovu anayeteka watoto, Black Hat Otokoto, na Sunny na wenzake watatu ndio wanaotumwa kumkabili. Sehemu hiyo nilitaka kuiruka. Yule binti ndiye aliyesema nisiiruke.

Lakini kuna mahali nagombana na mwandishi. Sunny akishaingia kwa Watu wa Chui, jua halimchomi tena, anacheza mpira mchana. Hiyo ni tamu kwenye kitabu tu. Mtoto wetu jua litamchoma kesho na keshokutwa, na saratani ya ngozi ni hatari ya kweli kwake. Anahitaji kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kuzuia jua yakipatikana. Tafadhali wazazi, mtoto wa namna hiyo asitumwe kuni saa saba mchana. Na neno "zeruzeru" tuliache.

Sasa anakaa dawati la mbele, upande usioingiza jua la mlangoni, na jirani yake anamsomea maandishi madogo ya ubaoni. Hesabu bado zinamshinda, siwadanganyi. Ijumaa iliyopita aliomba asimulie yeye ile sehemu ya Sunny kuingia uwanjani na wavulana kule kwenye tamasha. Alikosea majina mawili na akaongeza goli ambalo mimi sikumbuki kulisoma. Ijumaa ijayo tunaendelea, saa tisa alasiri, na wazazi mnakaribishwa.