Tarakimu Moja, Maana Tatu: Kufasiri Mapigo ya Moyo na Shinikizo la Damu katika Mazoezi, Ujauzito na Upasuaji

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kwa nini kipimo kile kile cha mapigo ya moyo au shinikizo la damu hakina maana moja mtu anapofanya mazoezi, anapokuwa mjamzito na anapofanyiwa upasuaji. Hoja kuu ni kwamba ujauzito humpa mwanamke akiba ya damu inayomlinda wakati wa kujifungua, lakini akiba hiyo hiyo huchelewesha dalili za kuvuja damu. Baada ya kupitia fiziolojia ya hali hizo tatu, makala yanachambua ushahidi wa tafiti za kitabibu, likiwamo jaribio lililofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Inahitimishwa kwamba damu inayotoka inapaswa kupimwa moja kwa moja, na kwamba upasuaji wa kujifungua ndiko pengo la maarifa lilikobaki.

1.0 Utangulizi

Mapigo ya moyo na shinikizo la damu ndivyo vipimo vinavyochukuliwa mara nyingi zaidi katika zahanati, wodi na vyumba vya upasuaji. Urahisi wake ndio nguvu yake, na ndio udhaifu wake pia. Vyote viwili ni matokeo ya jambo la msingi zaidi, yaani kiasi cha damu ambacho moyo husukuma kwa dakika moja. Katika makala haya kiasi hicho kinaitwa mtoko wa moyo.

Mwaka 1870 Adolf Fick alionyesha kwamba mtoko wa moyo unaweza kukokotolewa kwa kugawanya oksijeni inayotumiwa na mwili kwa tofauti ya oksijeni iliyopo kati ya damu ya ateri na damu ya vena. Mtu aliyepumzika, anayetumia mililita 250 za oksijeni kwa dakika huku kila lita ya damu yake ikiacha mililita 50 za oksijeni mwilini, ana mtoko wa lita 5 kwa dakika. Kanuni hiyo inaonyesha kwamba idadi ya mapigo peke yake haitoshi kueleza hali ya mzunguko wa damu. Moyo unaweza kupiga haraka kwa sababu damu inayorudi ni nyingi, na unaweza kupiga haraka kwa sababu damu hiyo ni haba.

2.0 Mazoezi: Moyo Unaoitikia Wingi

Mtu mwenye afya anapoanza kukimbia, athari ya neva ya vagasi inayopunguza kasi ya moyo huondolewa, na mfumo wa neva simpathetiki huongeza kasi na nguvu ya kusukuma. Mishipa ya misuli inayofanya kazi hutanuka. Misuli ya miguu, kila inapojikunja, huzikamua vena na kuirudisha damu moyoni, na upumuaji wa kina husaidia kazi hiyo. Kwa njia hiyo mtoko wa moyo huweza kupanda kutoka lita 5 hadi takribani lita 20 kwa dakika, na kuzidi hapo kwa wanariadha waliobobea. Shinikizo la sistoli hupanda, ilhali lile la diastoli hubadilika kidogo tu.

Mapigo 120 ya mkimbiaji kwa hiyo ni dalili ya wingi. Damu inarudi moyoni kwa kasi, na kila pigo hubeba kiasi kikubwa. Kwa mtu anayevuja damu mambo huwa kinyume. Damu inayorudi ni kidogo, kila pigo hubeba kiasi pungufu, na moyo huongeza idadi ya mapigo kujaribu kufidia upungufu huo. Mishipa ya ngozi, figo na utumbo hujibana ili ubongo na moyo visikose damu. Tarakimu ni ile ile, lakini mmoja anatumia na mwingine anapoteza.

3.0 Ujauzito: Kiwango cha Kawaida Kinapohama

3.1 Akiba ya Damu

Katika ujauzito, plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, huongezeka kwa takribani asilimia 40 hadi 50. Chembe nyekundu nazo huongezeka, lakini kwa kiwango kidogo zaidi, kwa kawaida asilimia 20 hadi 30. Kutokana na tofauti hiyo hemoglobini huonekana kushuka, ingawa jumla ya chembe imepanda. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutumia kikomo cha upungufu wa damu kilicho chini zaidi kwa mjamzito kuliko kwa mwanamke asiye mjamzito. Mtoko wa moyo huongezeka kwa asilimia 30 hadi 50, na mapigo hupanda kwa takribani 10 hadi 20 kwa dakika. Hata hivyo, shinikizo la damu hushuka kidogo katikati ya ujauzito kwa kuwa mishipa imelegea.

Faida ya mabadiliko hayo huonekana siku ya kujifungua. Chukulia mfano wa mwanamke wa kilo 60. Kabla ya ujauzito huwa na damu inayokaribia lita 4; mimba inapokomaa huweza kuwa na takribani lita 5.5. Akipoteza lita moja kabla ya ujauzito, amepoteza robo ya damu yake. Akiipoteza wakati wa kujifungua, amepoteza chini ya moja ya tano. Zaidi ya hayo, mji wa mimba unapojikaza baada ya mtoto kutoka, damu iliyokuwa katika mishipa yake hurudishwa kwenye mzunguko wa mama.

Akiba hiyo ina upande wa pili. Mwanamke huweza kupoteza lita moja huku mapigo na shinikizo vikiwa bado havijabadilika vya kutosha kumshtua mhudumu. Dalili zinapokuwa dhahiri, akiba imekwisha na kuporomoka huwa kwa kasi. Mjamzito aliyeanza na upungufu wa damu yumo hatarini zaidi, maana anapoteza chembe ambazo tangu awali hazikutosha.

3.2 Mkao na Mtiririko

Howard na wenzake (1953) walieleza hali ambapo shinikizo la damu la mjamzito hushuka anapolala chali, kwa sababu mji wa mimba hugandamiza vena kuu ya chini. Wengi hawapati dalili hizo: damu hupita njia za pembeni na mishipa hujibana. Shinikizo linalopimwa mkononi huweza basi kuonekana la kawaida hali mtiririko kuelekea kwenye mji wa mimba umepungua.

Kwa miaka mingi ilipendekezwa mjamzito aliye katika meza ya upasuaji ainamishwe upande wa kushoto kwa nyuzi 15. Higuchi na wenzake (2015), kwa kutumia picha za sumaku, walibaini kwamba ujazo wa vena hiyo haukuongezeka kwa nyuzi 15 bali kwa nyuzi 30, na kwamba ateri kuu haikuonekana kugandamizwa. Utafiti huo ulihusu wajawazito 10 tu ambao hawakuwa wamepewa ganzi. Hautoshi kubatilisha desturi, lakini unaonyesha umuhimu wa kupima kilichodhaniwa kuwa kinajulikana.

4.0 Upasuaji: Ishara Zinapofungwa

Ganzi ya uti wa mgongo, inayotumika sana katika upasuaji wa kujifungua, haizuii maumivu peke yake. Huzuia pia neva za simpathetiki zinazobana mishipa, hivyo mishipa ya sehemu ya chini ya mwili hutanuka na shinikizo hushuka. Misuli ya miguu iliyolegea haiwezi tena kuikamua damu irudi moyoni kama ya mkimbiaji. Ganzi ikipanda hadi neva za juu za kifua, zile zinazoharakisha moyo nazo huzuiwa, na mapigo huweza kupungua wakati ambapo yalitarajiwa kuongezeka.

Tiba yenyewe huongeza ugumu wa kufasiri. Finilefrini hutolewa ili kubana mishipa na kurejesha shinikizo. Shinikizo linapopanda, moyo hupunguza mapigo kwa njia ya mwitiko wa asili. Hivyo mama anaweza kuonyesha mapigo 65 na shinikizo zuri, ilhali damu inaendelea kutoka. Katika hali hiyo vipimo vinaeleza matokeo ya dawa kadiri vinavyoeleza hali ya mama.

5.0 Kusoma Vipimo kwa Pamoja

Njia mojawapo ya kupunguza utata ni kielezo cha mshtuko kilichopendekezwa na Allgöwer na Burri mwaka 1967. Kielezo hicho hupatikana kwa kugawanya idadi ya mapigo kwa shinikizo la sistoli. Mkimbiaji mwenye mapigo 120 na shinikizo 170 hupata 0.7. Mzazi anayevuja damu, mwenye mapigo 120 na shinikizo 95, hupata takribani 1.3. Kielezo hakikubuniwa kwa ajili ya mazoezi. Ulinganisho huu unaonyesha tu jinsi tarakimu mbili zinavyofichua kilichofichwa na moja.

Kwa wazazi, 0.9 hutumiwa kama kiwango cha kuanza kuchukua tahadhari. Mama mwenye mapigo 95 na shinikizo 100 angeweza kuachwa iwapo kila kipimo kingetazamwa peke yake, lakini kielezo chake ni 0.95. Hata hivyo kielezo hutokana na vipimo vile vile vinavyochelewa, na ndani ya chumba cha upasuaji hupotoshwa na ganzi na dawa.

6.0 Ushahidi wa Tafiti

Jaribio la E-MOTIVE, lililochapishwa mwaka 2023, liligusa kiini cha tatizo hili. Hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ambamo wanawake 210,132 walijifungua kwa njia ya kawaida, ziligawanywa kwa nasibu. Katika kundi la afua, damu ilikusanywa katika shuka la plastiki lenye alama za vipimo, na hatua zote za awali zilichukuliwa kwa pamoja: kuchua mji wa mimba, dawa za kuukaza, asidi ya traneksamiki, maji ya mshipani, na uchunguzi wa chanzo pamoja na kuita msaada. Hatua zilianza damu ilipofikia mililita 500, au mapema zaidi iwapo dalili nyingine zilikuwa si za kawaida.

Uvujaji wa damu uligunduliwa katika asilimia 93.1 ya matukio katika kundi la afua, ikilinganishwa na asilimia 51.1 katika kundi la huduma ya kawaida. Matokeo mabaya yaliyojumlishwa, yaani kupoteza lita moja au zaidi, kufunguliwa tumbo kwa sababu ya kuvuja damu, au kufa kwa sababu hiyo, yalitokea kwa asilimia 1.6 dhidi ya asilimia 4.3. Tofauti ya vifo peke yake haikuthibitika kitakwimu. Aidha, kwa kuwa kugundua na kutibu viliunganishwa katika afua moja, haiwezekani kusema kila kimoja kilichangia kiasi gani. Lakini iwapo karibu nusu ya matukio hayakugunduliwa katika huduma ya kawaida, ni vigumu kuamini kwamba jicho la mhudumu na vipimo vya mkononi vinatosha.

Jaribio hilo halikuhusu upasuaji wa kujifungua. Hapo damu huchanganyika na maji ya uzazi katika chombo cha kufyonzea, huloweka vitambaa na kubaki ndani ya tumbo. Uchambuzi wa upasuaji wa kujifungua katika nchi 22 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba takribani mama 1 kati ya 200 alifariki, na kuvuja damu kwingi pamoja na matatizo ya ganzi vilihusishwa na vifo hivyo.

7.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kwamba mapigo na shinikizo havina maana nje ya hali ya mwili vinapochukuliwa. Katika mazoezi vinaeleza mahitaji. Katika ujauzito vinafunikwa na akiba. Chini ya ganzi vinabadilishwa na neva zilizozuiwa na dawa zilizotolewa. Upasuaji wa kujifungua hukutanisha ufunikaji na ubadilishaji huo kwa mgonjwa mmoja, na ndiko ambako upimaji wa damu ni mgumu zaidi. Utafiti unaohitajika si wa kutafuta kikomo kipya cha mapigo, bali wa njia nafuu ya kupima damu katika chumba cha upasuaji, ikiwamo kupima uzito wa vitambaa na kutenganisha maji ya uzazi, na wa kubaini iwapo upimaji huo, ukifuatwa na tiba ya mapema, unapunguza vifo. Mpaka hapo, vipimo vizuri vya mzazi aliyetoka kupasuliwa havipaswi kuchukuliwa kuwa uthibitisho kwamba havuji damu.