Mateka, Mfungwa wa Vita na Fidia: Istilahi za Kiswahili katika Kufafanua Sheria ya Kiislamu

Makala haya yanafafanua namna sheria ya Kiislamu inavyomchukulia mfungwa wa vita, na jinsi neno moja la Kiswahili, mateka, linavyoweza kuupotosha ufafanuzi huo.

Mateka hutokana na kitenzi teka. Hutumika kwa mpiganaji aliyekamatwa, kwa mali iliyonyakuliwa vitani na, hasa katika vyombo vya habari, kwa raia anayeshikiliwa na watu wanaodai fedha. Kiarabu cha mafakihi hakichanganyi mambo haya. Mali ni ghanima, kwetu ngawira. Mtu anayeshikiliwa kuwa dhamana ni rahina. Mpiganaji aliyekamatwa ni asir, neno lenye asili ya kufunga kwa kamba.

Asir ana hukumu zake. Sura ya 76, aya ya 8, inawasifu wanaomlisha sawa na maskini na yatima. Sura ya 47, aya ya 4, inataja njia mbili: kumwachilia kwa hisani au kwa fidia. Katika vita vya Badr (mwaka wa 2 Hijria, 624 Miladia) walikamatwa takriban watu 70. Wengi walikombolewa kwa fedha, na wapokezi wanaeleza kuwa baadhi ya wasio na mali lakini wajuao kuandika walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Wawili, Uqba bin Abi Muayt na al-Nadr bin al-Harith, waliuawa. Mafakihi hawakuafikiana. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, yalimpa imamu hiari nne: kuua, kutia utumwani, kuachilia bure au kupokea fidia. Al-Hasan al-Basri na Ata, kwa upande wao, walichukia mfungwa kuuawa. Mfasiri anayeuficha upande huo mgumu kwa maneno laini hamsaidii mshauri wa sera.

Aghalabu husahauliwa kwamba hiari hizo ni za imamu, yaani dola, kwa kuzingatia maslahi ya umma. Si za aliyemkamata mtu. Anayemteka msafiri barabarani na kuziita fedha anazodai "fidia" anaazima istilahi ya fikihi bila masharti yake: hana dola, wala aliyemshika si mpiganaji. Kiswahili kinamsaidia bila kukusudia, kwa kuwa msafiri huyo na mfungwa wa Badr wote huitwa mateka. Mikataba ya Geneva ya 1949 nayo inawatenganisha: Mkataba wa Tatu unamlinda mfungwa wa vita, ilhali Kifungu cha 3, kilichomo katika mikataba yote minne, kinakataza kabisa kushika mateka.

Fidia yenyewe imegeuka. Ofisini leo ni malipo anayopewa aliyetwaliwa ardhi au aliyepata ajali. Msomaji wa waraka wa sera anaweza kudhani kuwa mfungwa ndiye anayelipwa. Tunapendekeza asir aitwe mfungwa wa vita pekee, mateka libaki kwa rahina, na fidia, katika muktadha huu, iandikwe malipo ya kumkomboa mfungwa.