TUJIFUNZE KUSOMA SAA ZA NDEGE

Siku hizi ndugu zetu wengi huenda Dubai kununua bidhaa. Je, safari hiyo ni ya saa ngapi?

Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni kama kilomita 3,900 kwa ndege. Safari huchukua kama saa 5 na nusu.

Sasa tusome tiketi. Kuondoka Dar 16:00, yaani saa 10 jioni. Kufika Dubai 22:30, yaani saa 4 na nusu usiku. Mbona hizo ni saa 6 na nusu?

Tiketi haikukosea. Huandika saa za kila mji. Dubai iko mashariki zaidi, jua hutangulia kufika huko. Basi saa zao ziko mbele yetu kwa saa 1. Msafiri akifika asogeze saa yake mbele. Asipofanya hivyo, anaweza kuachwa na ndege ya pili.

Zoezi: Mama anaondoka Dubai saa 4 asubuhi ya huko. Tukampokee Dar saa ngapi?

Jibu: Huko saa 4, kwetu saa 3. Ongeza saa 5 na nusu. Atafika saa 8 na nusu mchana.