Kioo Gani Kitafikisha Mechi Dakika ya 90?
Kwa miaka mingi Mkoa wa Rukwa ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa. Umeme wa Sumbawanga ulitoka Zambia, na vijiji ambavyo nguzo hazijafika vilijitegemea kwa sola. Kwa mwenye kibanda umiza huko, kuchagua TV ni kuamua kama mechi ya Simba na Yanga itaisha kabla ya betri.

Chukua betri ya volti 12, ampea-saa 50. Inabeba wati-saa 600, lakini betri ya asidi ikinyonywa zaidi ya nusu hufa mapema, kwa hiyo zilizopo ni 300. TV ya chogo ya inchi 21 hula karibu wati 80, king'amuzi 10, na inveta nayo ina chake. Saa tatu hazifiki. TV ya LED ya inchi 24 inayochomekwa moja kwa moja kwenye volti 12 hula wati 20 hivi. Pamoja na king'amuzi, ni saa 10.

Kwa rangi, hata hivyo, chogo haina deni. Unga uliopakwa ndani ya kioo chake huwaka wenyewe, nyekundu, kijani na buluu, na rangi huonekana ileile popote ulipokaa. LED huwasha taa nyuma ya kioo, kisha mwanga hupenya kwenye vichujio ambamo sehemu kubwa hupotea. Katika vioo vya bei rahisi, aliyekaa benchi la pembeni huona jezi nyekundu ya Simba imepauka kabisa. Huko ni kumpunja mtu aliyelipa kiingilio. Vioo vya LED vya aina ya IPS vinashika rangi hata ukitazama kwa pembeni, na kupima ni bure: dukani, kabla ya kulipa, simama ubavuni mwa TV.

TV za plasma zilikuwa na weusi mzuri, ila za inchi 42 ziliweza kupita wati 200. Isitoshe, kwenye miinuko hewa nyepesi huzifanya zivume, na Sumbawanga iko kwenye mita 1,800 hivi.

OLED, iliyojaa kwenye simu za siku hizi, haina taa ya nyuma: kila nukta hujiwasha, na penye weusi huzima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima mwaka 2021 wakakuta mandhari nyeusi huokoa asilimia 39 hadi 47 ya umeme simu ikiwa kwenye mwangaza kamili, lakini asilimia 3 hadi 9 tu mwangaza ukishushwa hadi kati ya asilimia 30 na 50.

Kwenye LED picha nyeusi kwa kawaida haiokoi kitu, kwa kuwa taa ya nyuma inaendelea kuwaka. Kinachookoa ni kuishusha taa yenyewe kwa rimoti, na ndani ya banda lenye giza watazamaji hawapotezi chochote.